Kazi ya Baba

Ijumaa tulizika Yala, Jumamosi tukaozesha Ahero.
Shati lilikuwa lile lile. Rispa alilifua usiku
akalianika juu ya jiko, likanukia moshi na sabuni ya mche.
Na wimbo, nikwambie siri, ulikuwa ule ule pia:
kwa marehemu tunauburuta, kwa bibi harusi tunaukimbiza,
na hakuna aliyewahi kudai arudishiwe pesa.

Mimi ni mpiga besi.
Ogalo mwenye solo hubandikwa noti kwenye paji la uso,
Wafubwa akipandisha ngoma wasichana hupiga vigelegele,
mimi husimama kando ya friji ya soda
kama mtu anayengoja chenji.
Mwaka jana uzi wa nne ulipokatika
Odindo wa Kibuye alinitilia waya wa breki ya baiskeli.
Unalia vizuri tu,
ila kwenye mteremko wa wimbo husita kidogo,
wakongwe wakadhani ni mtindo mpya.

Mjomba Radido huniuliza kila Krismasi:
na kazi je?
Nikimwambia ndiyo hii, hucheka kwa heshima,
kisha huniuliza tena.

Jumapili usiku, Kondele, kwa Nyar Seme.
Anaingia mwenye malori matatu ya mchanga,
anainua mkono, muziki unakatwa kama mkate.
Mia mbili, ajisifu:
yeye ni mvua iliyonyesha hadi ndani ya sufuria,
yeye ni mkwe wa watu wasiokopa chumvi.
Mia mbili nyingine, mwenye kinu cha kusaga amjibu.
Mia tano, lori lipande juu ya kinu.
Muda wote huo nashikilia noti moja,
du, du, du,
kama anayeshika mlango wakubwa wapite.

Saa saba kasorobo stima ikaenda.

Solo ikafa katikati ya neno.
Wafubwa akaweka vijiti chini, akatafuta soda yake kwa kupapasa.
Na besi bila stima ni ubao tu, ni mwiko wa ugali.
Lakini vidole vyangu havikuwa vimeambiwa.
Viliendelea, na humo gizani nikasikia viatu:
akala, visigino vya Jumapili, gambuti za askari wa lango,
du, du-du,
vikikanyaga mle mle nilimokanyaga.
Hakuna aliyesikia kitu, wala hakuna aliyepotea njia.

Nikaacha, nijaribu.
Hawakuacha.

Sijui niite hilo nini.
Miaka kumi na minne kando ya friji
nikidhani ninawashikia mlango,
kumbe walishaingia wakakaa, wakavua viatu,
wakaanza kuishi mle ndani bila kumwuliza mwenye nyumba.
Nilicheka peke yangu. Kisha nikalia kidogo.
Giza lina adabu.

Stima iliporudi tulikuwa sote tumesimama vibaya,
kama watu waliofumaniwa.
Ogalo akaomba radhi kwa kukatiza burudani.
Nyar Seme alilipa nusu. Nusu nyingine, alisema,
ilinywewa na jenereta,
jenereta ambayo haikuwaka.

Nikatembea hadi Nyalenda, gitaa mgongoni,
nikipishana na akina mama wa omena na mabeseni yao,
wakanipa salamu ya asubuhi, nikawarudishia ya usiku.

Nyumbani Akeyo alikuwa na sare, soksi moja,
na daftari lililotaka sahihi ya mzazi.
*Baba yako anafanya kazi gani?*
Ameandika kwa herufi nzuri, zilizonyooka kuliko zangu:
*Baba yangu hulala.*
Mwalimu ameweka alama ya vema, nyekundu.

Nikashika kalamu, nikafikiria kuongeza neno.
Rispa akaniangalia juu ya kikombe.
Du, du-du, mtoto akigongesha mguu usio na soksi
kwenye mguu wa meza, akinisubiri.

Nikaweka sahihi.
Nikalala.